Maelezo Kuhusu Cherehani Isiyo na Uzi

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: limehifadhiwa, shahidi ni mtoto. Jinsi: KE. Umri: miaka 16. Kazi: mwanafunzi. Makazi: kwa shangazi yake, chumba cha nyuma ya duka la ushonaji.

Nipo kituoni, nyumba ya chumba kimoja isiyo na ghorofa, yenye meza moja. Nimeomba niandike mwenyewe, maana nikisema mbele ya watu sauti hunikauka.

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, saa 10:20 alasiri, nilikuwa dukani nikipiga pasi. Shangazi alikuwa akikata mashati meupe ya shule. Fundi saa wa duka la jirani, naye ni mwanamke, alibisha.

"Hodi! Mfuko wangu wa kuwekea hasira uko tayari?"

"Hasira zako haziingii mfukoni, mwenzangu. Lete gunia."

Sote tulikuwa tumevaa vipimo vya mapigo ya moyo mkononi kama sheria inavyotaka; hulia moyo ukienda mbio bila sababu. Mke na mume wameruhusiwa mapigo tisini wakitazamana. Wanawake wawili hawakuwekewa namba yoyote kwenye jedwali.

Shangazi aliacha mkasi, akakaa kwenye cherehani, akakanyaga kwa nguvu. Kipimo chake kilipanda hadi 112, kikaandika sababu: kazi.

Mnamo tarehe 16 mwalimu alitupa insha kwa lugha ya pili, "Mtu ninayempenda nyumbani". Niliandika kwamba fundi saa akija, shangazi hushona bila uzi, na siku hizo huimba akimenya viazi. Nilijiachia kwa kuwa nyumbani hakuna anayesoma lugha ile. Sikukumbuka kwamba mwalimu anaisoma. Wengine huponzwa na ulimi. Mimi kalamu yangu imemponza shangazi.

Tarehe 18, saa 1:00 asubuhi, maofisa wa Utulivu walimchukua. Wanaopelekwa Nyumba ya Kupozea hurudi bila kumkumbuka waliyempenda. Mlangoni aliniambia, "Viazi viko jikoni, mwanangu. Kula. Hujanikosea kitu."

Sijala.

Leo nasahihisha insha yangu. Uzi ulikuwepo. Ulikuwa mweupe juu ya kitambaa cheupe, nami nilikuwa mbali, kwenye pasi. Shangazi alikuwa akishona.

Kipimo changu kimelia. Afande ametazama dirishani.

Nimeulizwa fundi saa ni nani kwa shangazi. Ni mtu anayesogezewa stuli kwa mguu kabla hajabisha. Sijui hilo lina namba gani.

Nimeulizwa kama nami nina msichana shuleni ninayemsogezea stuli. Naomba nisijibu.

Kimelia tena.

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu, na nitayarudia popote nitakapoitwa.

Sahihi ya shahidi: (ametia)

Maoni ya ofisa: Shahidi ameandika mbele yangu bila kushurutishwa. Suala la uzi limeeleweka. Mshukiwa aachiwe leo. Kipimo cha shahidi kimelia mara mbili. Sababu niliyojaza: alikuwa ametoka kupanda ngazi.

Sajini wa zamu, saa 9:35 alasiri.