Nimesema Mama atakuja

Mwenzangu, uko? Nimejifungia chooni hapa kwenye darasa la Kijerumani. Sijui nimefanya nini.

Leo tunajifunza kusema mambo tunayopenda. Mwalimu anamuuliza kila mtu: Was machst du gern, unapenda kufanya nini? Fundi bomba kasema mpira. Yule dada wa benki kasema kuogelea, mwongo yule!

Kufika kwangu, kichwa kitupu. Miaka yote ya kumuuguza Mama, mimi nilikuwa napenda nini? Kusuka kwa Kijerumani sikujui, basi nikasuka hewani kwa vidole. Darasa zima likaanza kubahatisha: kufuma! kinanda! Nikacheka nao. Nimecheka, mwenzangu!

Mwalimu ndiye aliyepatia. Akauliza namsuka nani. Nikasema Mama. Lini? Nikasema Sonntag, kila Jumapili.

Alivyofurahi sasa! "Basi mlete Mama kwenye sherehe ya kumaliza kozi, tuzione hizo nywele."

Nikasema ja, ndiyo.

Mama tumemzika juzijuzi tu, wewe ndiye uliyenishika mkono kaburini, halafu mimi nasema ja, atakuja. Wakanipigia makofi.

Na kesho kila mtu alete picha ya anachopenda. Nimepekua simu nzima. Iliyopo ni ile uliyotupiga wodini, nimemsuka upande mmoja, usingizi umemchukua, nami nakwambia tusimwamshe, upande wa pili nitamalizia Jumapili.