Ndege Wasio na Nauli

Baba Zuhura,

Huna adabu. Nalisema hilo kwanza, mengine yatafuata. Mtu anawaaga watu wake, anasema narudi na mbayuwayu, kisha anakwenda Muheza kulala moja kwa moja na kumwacha mwanawe amesimama mlangoni. Ungekuwa hai ningekununia mwezi mzima. Sasa nitakununia vipi, na mwenyewe huoni?

Naandika kwa mkono wangu. Zuhura alitaka niseme yeye aandike, nikamkatalia. Shule niliiacha darasa la nne, lakini herufi sikuziacha huko. Akitaka asome, na ndugu zako nao wasome. Hakuna siri humu.

Unakumbuka baridi yetu ya kwanza hapa Barking, nchi ya watu? Wewe ulikuwa ukirudi asubuhi kutoka ghalani Hayes, mimi natoka kwenda kufagia maofisi, tunapishana mlangoni kama askari wa zamu. Siku hiyo hata kamba ya nguo ilikuwa imeshika barafu, na juu ya pipa la taka amekaa ndege mmoja, mdogo, kifua chekundu, anaimba. Ukasimama, mvuke unakutoka mdomoni.

"Mama Zuhura, huyu naye mbona amebaki? Wenzake wameshakwenda kwetu kuota jua."

"Muulize mwenyewe."

"Hana nauli huyu."

Tulicheka mpaka jirani wa juu akafungua dirisha kututazama.

Tangu hapo ikawa ndiyo lugha ya nyumba hii. Wote wanaobaki na baridi ukawaita wasio na nauli. Yule wa kifua, Hamisi akamwita Mwekundu. Kuna yule mweusi wa mdomo wa njano. Na kale kadogo ka kahawia, kanakosimamisha mkia kama kanatafuta ugomvi. Hamisi wetu, ambaye homa ya uti wa mgongo ilimnyang'anya maneno akiwa mtoto ikamwachia machache, na leo ana mvi kichwani, ndiye aliyewafanya jamaa zake. Kila asubuhi ya baridi anatoka na bakuli lao la maji, anavunja barafu kwa mwiko wangu wa ugali, anawawekea makombo ya wali na mafuta ya nyama. Miwiko mingapi imekufa kwa kazi hiyo, wewe unajua, maana ndiwe uliyekuwa ukinificha iliyovunjika.

Kisha ukastaafu, na kifua chako kikaikataa baridi. Daktari alisema, nami sibishani na daktari. Ikawa kila mbayuwayu wakifunga mizigo, nawe unafunga yako. Unamshika Hamisi bega: "Wakirudi, nami niko nyuma yao." Na kweli ukawa unarudi. Kutoka Muheza ulikuwa ukipiga simu, unaigeuza atazame waya wa umeme: "Hamisi, mbayuwayu wenu hawa hapa, wamenenepa!" Naye anacheka mpaka anakaa chini.

Mimi ulinibembeleza twende wote. Nikakwambia Hamisi ana kliniki yake hapa, ana kituo chake cha mchana, ana kitanda anachokijua. Ukimhamishia hata mto wake, halali. Ukasema, "Basi na wewe huna nauli." Siku hiyo sikucheka, nawe uliliona hilo, ukaenda kunichemshia chai bila kuulizwa.

Mjukuu wako Salma, anayeelewa Kiswahili lakini kinywani hakimtoki, aliwahi kunieleza kwa Kiingereza chake kwamba ule wimbo wa Mwekundu wakati wa baridi si furaha. Anawaambia wenzake: ua huu ni wangu, ukikanyaga nakudonoa. Na majike nayo huimba hivyo hivyo, kila mmoja analinda uwanja wake. Nikamwambia, "Hilo sikuhitaji kufundishwa. Kwetu hivyo vinaitwa vijembe." Kuanzia hapo nikamheshimu ndege yule. Hakuachwa nyuma. Amebaki kwa sababu ana kitu cha kulinda.

Ukafa. Walikuzika alasiri ile ile, inavyotakiwa, na mimi niko huku nimeshika simu. Nikakaa eda ndani ya chumba hiki. Na hapo, Baba Zuhura, ndipo walipokaa wakubwa wa ukoo wako na binti yako wakaamua: Hamisi asiambiwe. Hataelewa. Ataumia bure. Wakamwambia simu ya Baba imeharibika. Wanawake walipokuja kukusomea hitma, yeye alidhani ni maulidi. Alikula pilau ya hitma yako, akaomba ya pili. Nilimpakulia.

Kisha ikaja ile baridi kali. Nilikuwa nimekaa dirishani, sina kwingine pa kwenda, nawatazama wale wako wasio na nauli. Wanatuna manyoya mpaka wanakuwa kama madonge ya pamba. Wale wadogo, jua likizama, wanaingia tundu moja ukutani, wanajibana humo. Sikujua kubaki kuna kazi kiasi hicho. Asubuhi moja Hamisi akaingia na kale ka kahawia kiganjani, kamekauka.

"Mama. Huyu basi."

Nikamwambia labda amelala, tumweke karibu na joto. Akanitazama kama mtoto ni mimi.

"Basi," akasema tena.

Akaenda kabatini, akatoa leso yako nyeupe, akamfunga vizuri, akachimba kwa kijiko kwenye chungu cha maua pale nje. Akalia kidogo. Kisha akanawa mikono, akachukua mwiko, akaenda kuwavunjia barafu wale waliobaki.

Huyo ndiye mnayesema hataelewa.

Nilitaka kumwambia saa ile ile. Lakini ndani ya eda nguvu zilikuwa zimeniishia, nikasema nitamwambia jua likitoka. Limetoka. Eda imekwisha, miti imevaa majani, na wiki iliyopita mbayuwayu walipita juu ya mto. Hamisi aliwaona kutoka kwenye gari la kituo. Aliingia ndani mbio, akavaa koti lake la Idi, akaenda kusimama mlangoni.

"Baba?"

"Bado," nikamjibu.

Jana vile vile. Leo vile vile. Anasimama mpaka miguu inamvimba. Kiti hataki, maana akikaa hataiona barabara. Nami naendelea kumpa "bado", na huku najua ni "basi", na yeye tofauti ya maneno hayo mawili anaijua kuliko sisi. Zuhura ananiambia, "Mwache, Mama, atasahau." Hajasahau hata ndege mmoja aliyekula wali wake, atamsahau baba yake?

Nimekukasirikia sana, mume wangu. Nimekukasirikia kwa ahadi ile, nikaikasirikia Muheza, nikawakasirikia hata mbayuwayu, viumbe wa Mungu wasio na kosa. Halafu nafungua kabati, koti lako zito linaning'inia mle, bado lina harufu ya dawa yako ya kifua, naufunga mlango taratibu kama aliyemo ndani amelala. Ulikwenda kutafuta pumzi. Hilo nalijua. Ungeipata ungerudi. Hilo pia nalijua.

Ndugu zako wanauliza nitakuja lini kuishi kwenye nyumba uliyoijenga. Waambie wapangishe. Mimi ua wangu ni huu.

Nimemaliza kukugombeza. Mungu akupanulie kaburi, aupe ubavu wako pumziko.

Mkeo,
Mama wa Zuhura na Hamisi

Na wewe Zuhura, najua umesoma mpaka hapa. Jumamosi uje mapema, kabla hajasimama mlangoni. Simu uizime. Usilete habari za safari wala za usingizi, nitasema mimi, wazi, mara moja. Wewe ukae kulia kwake, umshike mkono, na akilia usimnyamazishe.