Majina kwenye Ukuta wa Mbele

Jumatatu, 7 Oktoba

Nahesabu matofali tangu saa kumi na mbili asubuhi. Familia tisini na sita, kila moja ishirini na matano. Elfu mbili mia nne. Yametimia. Siku hizi komite ya wazazi kutimiza kitu ni habari.

Tanuru limefunguliwa jana, tumboni bado lina joto. Kila tofali lina jina la mtoto, lililochorwa kwa msumari udongo ukiwa mbichi. Wazo la kina mama. Ukuta wa mbele wa darasa la kwanza hautapigwa plasta, ili Siku ya Wazazi kila mtu aone jina la mtoto wake. Ijumaa, tarehe moja Novemba. Kuna mgeni kutoka ofisi ya elimu ya wilaya. Siku ishirini na tano.

Kuta tatu na bati vilisimama mwaka jana. Mbele pako wazi, miti minne tu inashika paa. Mvua ikinyesha inaingia mpaka ubaoni, watoto mia moja arobaini wanarudishwa nyumbani. Mwaka huu Neema wangu ni mmoja wao. Miaka sita.

Mimi fundi wananiita wakati wa kuhesabu. Wakati wa kuamua hawaniiti. Naandika hapa ili nisiyaseme kanisani.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimeyagonga yote. Mawili mawili, siku tatu, baada ya kazi. Tofali lililoiva linalia kama chupa. Lisiloiva linasema pu.

Mia sita na kumi na mawili yamesema pu. Ni yale ya nje ya tanuru, ambako moto haukufika. Kuni zilikuwa chache, nilisema tangu mwanzo.

Hesabu si ngumu. Ukuta wenyewe, ukitoa mlango na madirisha, ni mita za mraba kumi na tisa. Matofali mia moja ishirini kila mita. Tunahitaji 2,280. Mazima yapo 1,788. Tumepungukiwa na 492.

Nimempelekea mwenyekiti karatasi. Baba Wilondja anauza simu na chaja. Mwiko hajawahi kushika hata wa kupikia. Hakusoma mpaka mwisho.

"Papa Neema, we unapendaka kutafutia batu shida. Tofali ni tofali."

Nimeyapiga alama ya chaki yote mabovu. Msalaba mweupe. Hata kipofu angeelewa.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimepata ganyu, kibarua cha mjini Lilongwe, Area 18. Uzio wa nyumba, siku kumi. Kibali cha mkimbizi cha kutoka kambini ninacho mfukoni. Sitaki kwenda sasa, lakini ganyu haimsubiri mtu na unga hautoki mbinguni.

Nimemwambia mwenyekiti asubiri nirudi ndipo wajenge. Akatikisa kichwa. Sijui kama ni ndiyo au anafukuza nzi.

Mama Neema anasema nisigombane na watu ambao kesho watatuzika. Yeye ndiye aliyechora jina kwenye matofali yetu yote, herufi nzuri, kubwa.

Alhamisi, 17 Oktoba

Niko Mtandire, mtaa wa Lilongwe. Nalala kwa rafiki, tunagawana mkeka. Uzio unakwenda vizuri. Mwenye nyumba hapa ananiita bwana fundi, na nikisema tofali hili hapana, linatupwa. Hajauliza mara mbili.

Nilifika nchi hii ya Malawi bila kitu. Nilibeba udongo Mponela miaka miwili kabla mtu hajaniachia pimamaji mkononi. Hakuna aliyenifundisha kwa huruma. Nilitazama. Kwa hiyo nikisema ukuta ni mbaya sisemi kwa wivu.

Ujumbe wa mama Neema jioni: ukuta umeanza, unapanda haraka, unapendeza sana.

Sikula vizuri.

Jumatano, 23 Oktoba

Nimerudi. Nimepitia shuleni kabla ya nyumbani, mfuko ungali begani.

Ukuta una mita mbili na kidogo. Vijana wawili wa mwenyekiti wamejenga. Majina yote yametazama nje, na kila mzazi alikuja kuchagua pa kuweka lake. Wamefuta chaki kwa kitambaa chenye maji. Wamefuta! Wengine walidhani ni uchafu. Wengine walijua vizuri tu: nani akubali jina la mtoto wake litupwe kwenye shimo la choo na la jirani likae karibu na mlango?

Nimegonga kwa kifundo cha kidole. Pu. Lia. Pu. Pu. Mabovu yamechanganyika na mazima kama mchele na mawe. Udongo ndio umeyashika, simenti hakuna. Na plasta haitapigwa, kwa sababu majina lazima yaonekane. Basi mvua italipiga tofali bichi uso kwa uso. Wiki tatu, labda nne, utaanguka. Mstari wa kwanza wa watoto unakaa hatua moja kutoka hapo.

NEEMA liko karibu na mlango, usawa wa kifua changu. Nimelikwaruza kwa ukucha, likatoa unga.

Matofali yangu yote ishirini na matano ni mabovu; nililijua nilipoyagonga, sikuliandika. Niliyaleta wa mwisho kwa sababu nilikuwa kazini, yakapangwa nje kabisa. Fundi ni mimi.

Alhamisi, 24 Oktoba

Mkutano wa wazazi. Nimesema kwa hesabu, bila kelele. Ukuta ushuke, mabovu yatoke, tujenge upya mfupi kidogo. Juu tuache wazi sentimita sitini, chini ya bati, hewa ipite. Hivyo tunaokoa matofali 576. Yatahitajika 1,704. Mazima tunayo 1,788. Yanatosha na yanabaki themanini na manne.

Hakuna aliyesikia namba. Walisikia kuvunja.

Mama Aziza wa Kindu, anayeuza vitenge, alisimama. "Utapiga nyundo kwa jina ya mtoto yangu? Mtoto mwenye iko muzima? Aah, fundi!" Kina mama wote wakaguna. Kwetu Fizi, kule Kongo, ni vilevile, sitajifanya sijui. Jina la mtu aliye hai halivunjwi. Ni kumwitia mabaya. Mama yangu mwenyewe asingekubali.

Mwenyekiti akapata nguvu. "Batu ya komite balijenga, ye alikuwa Lilongwe anakula kuku. Sasa amerudi na wivu."

Sikula kuku hata mmoja.

Nikasema: leteni tofali, tuliweke kwenye ndoo ya maji mpaka kesho, mjionee. Nani atatoa lake? Hakuna. Hata mmoja. Nikaenda ukutani, nikachomoa la kwetu, la karibu na mlango. Nikalitia majini mbele ya wote. Mama Neema alikuwa mstari wa pili. Sikumwangalia.

Ijumaa, 25 Oktoba

Asubuhi ndoo ilikuwa uji. Hakuna tofali, hakuna herufi. Watu walichungulia mmoja mmoja. Nilidhani imekwisha, sasa wameelewa.

Mwenyekiti akachungulia naye. Akacheka. "Ya kwako njo mabaya, fundi! Ya kwetu iko muzima."

Na watu wakacheka. Wakaenda zao.

Mama Neema hakucheka. Nyumbani alisema sentensi moja tu: nimeyeyusha jina la mwanaye mbele ya mji mzima. Tangu hapo ananipakulia chakula na kugeuka. Neema ameniuliza sasa atabaki na jina gani. Nimemwambia lilelile. Hakuamini.

Nina hasira. Nina haki, na haki yangu haina kazi.

Jumapili, 27 Oktoba

Kanisani benchi letu lilikuwa na nafasi ya watu wanne. Huwa tunabanana.

Mawingu yamejikusanya upande wa vilima tangu saa nane. Hayakunyesha. Nimetoka nje mara tano kuyaangalia kama mgonjwa.

Jioni mwalimu mkuu amekuja nyumbani. Madamu ni Mmalawi, mtu wa maneno machache. Amepiga hodi, odi, odini, ameketi kwenye ndoo. Akauliza kwa Chichewa: mtoto wako utamruhusu akae karibu na ukuta ule? Nikasema hapana. Akauliza mara ya pili, polepole, akiniangalia. Hapana.

Basi, akasema, wa wenzako nami siwezi kuwaruhusu. Lakini ukuta ni wa wazazi. Akiuangusha yeye, wazazi hawatarudi tena shuleni kwa jambo lolote, na hiyo itamgharimu miaka. Amenipa kesho. Darasa la kwanza halitasoma. Mengine nitajua mwenyewe.

Zikomo, bambo, akashukuru. Akaondoka.

Siku tano kabla ya wageni, na mimi ndiye nitakayejua mwenyewe.

Jumatatu, 28 Oktoba

Saa kumi na mbili nilikuwa pale. Nyundo niliiacha nyumbani makusudi. Nilichukua mwiko na kipande cha chuma bapa.

Usiku nilifikiri hivi: udongo si simenti. Ukiwa na subira tofali linatoka zima. Halivunjwi. Linashushwa.

Nikaanza na ya kwetu. Ishirini na manne. Yaliyokuwa juu niliyashusha, ya katikati niliyachokonoa na kuacha matundu. Nikayapanga chini kwa mstari, majina juu. Watu wakasimama barabarani. Kabaza, wale wabeba abiria, wakasimamisha baiskeli. Hakuna aliyenisaidia, hakuna aliyenizuia.

Saa moja na nusu akaja Mama Aziza. Nilijiandaa kwa matusi. Alisimama muda mrefu kuangalia mstari wa chini. Akauliza kama hata moja limevunjika. Nikamwambia ahesabu. Akahesabu. Kisha akafunga kitenge vizuri kiunoni.

"Ya Aziza we usiiguse. Nitaishusha mi mwenyewe."

Nikampa chuma. Nilimwonyesha mara moja tu. Lake la kwanza alilishusha kama anamtoa mtoto mgongoni. Akaligonga na jingine nililompa. Pu. Akaniangalia. Sikusema kitu, na hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko zote za leo.

Saa tatu walikuwa kina mama saba. Saa tano nikaacha kuhesabu watu, nikahesabu matofali. Kila mmoja anashusha la mtoto wake, anagonga, anasikiliza. Linalolia, huku. Linalosema pu, kule. Walianza kucheka wao kwa wao. "Ya baba yake njo imelia, ya mama imenyamaza!" Aliyepata la jirani alimwita jirani. Kuna waliotoka sokoni na mizani mkononi.

Mama Neema alikuja saa sita na ndoo ya maji ya kunywa. Alipita mbele yangu. Akaenda kwenye mstari wa ya kwetu, akaketi chini, akaanza kuyafuta vumbi kwa kanga. Alipomaliza akanipa kikombe cha maji. Nikanywa chote.

Mwenyekiti alikuja, akapiga kelele, akapiga picha, akaondoka. Ya mtoto wake alishusha mkewe. Kumi na manane kati ya ishirini na matano, pu.

Saa kumi na moja ukuta haukuwepo.

Alhamisi, 31 Oktoba

Siku tatu. Mimi, wale vijana wawili wa mwenyekiti, na kina mama wa kukanda udongo. Vijana si wabaya. Hakuna aliyewahi kuwaambia timazi ni ya nini.

Jana paliwaka tena. Kwenye mazima kuna majina ya watoto wengine, na ya wengine hayamo kabisa. Mwenye saba anauliza kwa nini yule ana ishirini na matatu. Nilikuwa na jibu tangu Jumatatu: majina yote yatazame ndani ya udongo. Yote. Hakuna la kuonekana. Mama mmoja aliuita huo wizi. Mama Aziza akamwambia, "Kama unataka kuona jina, angalia katika daftari ya mtoto."

Tumemaliza leo saa kumi. Matofali 1,701. Nilikosea kwa matatu. Kwa mifuko miwili ya simenti iliyobaki ya sakafu tumepiga plasta mita moja ya chini, pale maji yanaporukia.

Mabovu kila familia imebeba yake nyumbani. Mama Neema ameyapanga ya kwetu ndani, nyuma ya mlango, mbali na maji.

Ijumaa, 1 Novemba

Siku ya Wazazi. Mgeni alichelewa kwa saa mbili. Watoto waliimba juani, wawili walizimia, wakapewa fanta.

Mwenyekiti alihutubia. Alishukuru Mungu, serikali, mwalimu mkuu, komite, na tena komite. Ukuta aliuita kazi ya mikono yetu. Mimi hakunitaja. Nilikuwa nimevaa koti.

Mgeni aliuliza kwa nini juu pako wazi. Mwenyekiti akajibu bila kusita: hewa, mheshimiwa. Tulipiga hesabu.

Imeniuma. Naandika kwamba imeniuma ili nisijidanganye. Nilikula wali, nikarudi nyumbani.

Jumanne, 5 Novemba

Mvua. Ya kwanza, saa nne na nusu asubuhi, yenye upepo, kutoka mbele.

Nilikuwa kwenye kazi ya choo cha jirani. Niliacha mwiko ndani ya udongo nikaenda shuleni. Sikukimbia. Nilitembea haraka.

Nje plasta ilikuwa imelowa na kuwa nyeusi. Juu yake matofali yalikuwa mekundu kama nyama. Niliyapitia yote kwa kiganja, kutoka kona mpaka mlango. Hakuna lililotoa unga. Udongo wa viungo unatoka kidogo, mahali pawili. Nitaziba Jumamosi.

Madamu aliniona mlangoni nadondosha maji. Akaonyesha kwa chaki: ingia, ukae. Kiti hakuna, hata chake hakipo. Nikaenda nyuma kabisa, nikaketi sakafuni kati ya watoto, magoti kidevuni. Walikuwa wanasoma namba, kumi mpaka ishirini, kwa sauti ya kushinda bati. Jirani yangu alinisogezea nusu ya gunia lake.

Neema alikuwa mstari wa kwanza. Aligeuka mara moja, akaniona, akageuka haraka mbele kama hanijui.

Nilikaa mpaka mvua ikakatika.