Barua Arobaini na Moja za Yatima

Jumanne, 4 Februari 2025

Maombi ya ufadhili kutoka shule yangu ya zamani yaliyofika hapa ofisini ni arobaini na moja. Kazi yangu ni kufungua, kupiga muhuri, kupanga. Leo Mzee Rage amemleta mwanawe Hamze na bahasha. Mzee ana ndevu za hina, sauti kubwa, afya tele. Walipoondoka nikafungua: "Baba yangu alifariki dunia nikiwa mchanga." Nimecheka peke yangu. Nikafungua nyingine — amefariki. Nyingine — amefariki. Maneno yale yale, hadi nukta. Nikaacha kucheka.

Jumatano, 5 Februari 2025

Barua hiyo naijua. Mwalimu Abdisamad alituandikia ubaoni, mfano mmoja tu, tukaukariri. Nimempigia simu. Hakukasirika. Ana wanafunzi tisini na wanne darasani. Akisoma insha ya kila mmoja, silabasi ataimalizia akhera.

"Na wewe, Kinsi, kazi uliiomba kwa barua gani?"

Ni hiyo hiyo. Nilichofanya ni kumfufua baba.

Alhamisi, 6 Februari 2025

Nimemwambia mkuu wetu wa ofisi, Bwana Korane. Niliogopa — akigundua mwenyewe, ataniuliza nilikuwa nasoma nini. Alicheka hadi machozi, akauliza kama shule nzima ilizika baba zao siku moja. Kisha akaifunga faili. Waongo wote, akasema. Zitupwe.

Barua ya Kaaha imo humo. Kaaha wa kijiji cha Sangailu, aliyekaa kwetu muhula mzima. Baba yake alikufa kweli! Hakuongopa hata neno, na barua yake haina tofauti na ya Hamze. Ni mimi niliyesema. Kwa woga wangu.

Nikarudi kuomba waandike upya. Amekubali: Jumatatu, hapa ofisini, mbele yangu, mwisho saa kumi na nusu.

"Ukimsaidia mtu hata neno moja, utaandika barua ya kuacha kazi. Hiyo mlifundishwa?"

Ijumaa, 7 Februari 2025

Sijala. Hooyo, mama yangu, ameniuliza nina nini. Nimesema kichwa.

Jumatatu, 10 Februari 2025

Wamekuja wachache. Wameandika walichoweza, wameenda. Kaaha amebaki. Karatasi ya kwanza: "Kwa heshima na taadhima…" Ile ile. Ya pili — ile ile.

Nimemwomba anieleze kwa Kisomali baba alivyokufa. Akaeleza bila kusita. Wakati wa ukame, baba yuko chini kisimani anajaza ndoo, Kaaha yuko juu anavuta. Ndoo ikakawia. Akaita. Akavuta, ikaja tupu. Akaishusha tena, maana ng'ombe walikuwa bado na kiu. Mara tatu aliishusha kabla ya kuelewa.

Nimegeukia dirishani kufuta macho. "Andika hivyo hivyo," nikamwambia.

"Hiyo si barua, abaayo, dada yangu. Hiyo ni habari ya nyumbani."

Miaka minne ya sekondari. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba habari ya nyumbani huandikwa. Hata mimi sikuwahi kuambiwa.

Saa kumi sasa. Korane ameenda kuswali Alasiri, akirudi anazichukua. Kwenye karatasi ya tatu Kaaha ameandika "Baba yangu", basi. Ameniuliza, taratibu sana, kama naweza kumwandikia. Mwandiko wangu Korane anaujua. Kaaha ameisukuma karatasi hadi upande wangu wa meza. Sijaigusa. Wala sijairudisha. Nasikia viatu vya Korane ukumbini na kalamu bado iko mkononi mwangu.