Maneno ya Mwisho ya Bwana Harold

Louisville, 9 Februari 2015

Papa mpenzi,
Pokea salamu katika jina la Bwana. Huku mtaani Beechmont tuko wazima. Magoti yako je, na baridi hiyo ya Buffalo?

Nimepata kazi ya kumtunza mzee Mwingereza, Bwana Harold. Anaumwa mapafu, na binti yake Susan anaishi mbali, Columbus. Kinachonisumbua ni mdomo wake. Kila kitu ni "bladi", lile tusi la Kiingereza. Chai iko bladi baridi, mvua ni bladi mvua, hata uji wangu ameusifu: bladi mzuri! Nicheke ao nilie?

Mwanao, Clémence

Buffalo, 20 Februari 2015

Mwanangu Clémence,
Amani kwako. Magoti yanalalamika, ila Mungu yupo.

Neno hilo nalijua. Tulipokuwa wakimbizi Kampala, mwenye karakana aliniita bladi fulu, yaani mpumbavu kabisa, mbele ya mama yako, akanifukuza kama mbwa. Sikukuvusha mipaka yote ile uje utukanwe. Acha kazi hiyo.

Papa

Louisville, 3 Mei 2015

Papa,
Nakusalimu kwa heshima. Nisamehe kimya changu. Sikuacha kazi. Yule mzee alitia bladi pale ambapo sisi tungetia "kabisa", kukazia neno tu.

Bon, amefariki Jumanne, mkono wake ndani ya wangu. Nimemlilia kama nilivyomlilia mama. Nilimweleza Susan kwamba kwetu aliyemfumba marehemu macho ndiye husimama kusema maneno yake ya mwisho. Sasa anataka niyaseme kanisani, maziko ya tarehe 16. Na neno la mwisho mzee aliloniambia ni hili: "Clémence, wewe ni bladi mwema."

Papa, naona haya. Pasta atakuwepo, na wamama wote wa kwaya. Nikisema alisali tu, nani atajua?

Mwanao, Clémence

Buffalo, 8 Mei 2015

Mwanangu,
Pole sana kwa msiba. Barua yako niliisoma kwa hasira, nikaiweka, nikairudia.

Neno hilo bado silipendi, na sitalipenda. Lakini maneno ya marehemu hayachujwi. Ukiyasafisha, utakuwa umemzika mtu mwingine. Simama, uyaseme yote, kwa sauti.

Nimeomba ruhusa kiwandani. Nakuja kwa basi. Nitakaa benchi la mbele, ili wamama wa kwaya wakitaka kukukodolea macho, wakutane kwanza na yangu.

Papa yako, Bahizire