Mama Mihogo Hakuhama

Mtani wangu Bi Hadija,

Shikamoo. Najua huitikii, na hilo si geni, maana hata ulipokuwa hai uliniacha na shikamoo yangu mpaka uniulize kwanza kama nimekula. Nimekula. Sasa nisikilize.

Nianze na aibu yangu. Siku ya mazishi yako watani wote walifanya kazi yao. Mmoja alijifunga kanga yako ya zambarau akazunguka uani akichechemea kama wewe, mwingine akaziba mlango akitaka apewe kuku ndipo jeneza litoke, na waliokuwa wakilia wakacheka. Mimi niliposukumwa mbele, nikaambiwa haya Mnyamwezi, zamu yako, nikaangua kilio. Mzee mmoja akauliza huyu ni mtani gani. Nilikuwa mtani wako, ndiyo, lakini pia ndiwe uliyenifundisha kazi, na siku ile niliogopa. Watoto wote wa bonde letu hapa Kiwalani uliniachia mimi.

Unakumbuka tulivyokuwa. Zahanati inatupa orodha ya watoto waliokosa chanjo, tunawatafuta nyumba kwa nyumba. Ulikuwa ukisema, "Nyie Wanyamwezi mlikuja pwani kwa miguu, mizigo kichwani. Tangulia." Nami nakujibu kwamba nyie Wazaramo mliuza minazi mkachezee ngoma, ndiyo maana unahangaika na mimi juani badala ya kukaa shambani kwako. Kisha tukifika kwa mtu, wewe unaomba kigoda. Unachukua kisu, unamenya alichokuwa akimenya mwenyeji. Ulinikataza kabisa kutaja kadi ya kliniki kabla sijakaa. Nilidhani ni uvivu wa Kizaramo.

Basi ulipoondoka nikafanya kwa haraka zangu. Kwenye orodha kulikuwa na Zainabu Athumani, mama wa mtoto wa kiume wa miezi kumi na moja, ambaye hakuletwa kuchanjwa surua alipofikisha miezi tisa. Niliuliza mlango baada ya mlango, nimesimama, kalamu mkononi. Hakuna aliyemjua Zainabu. Nikaandika pembeni ya jina lake: amehama. Nikaenda zangu.

Kisha surua ikaingia mtaa wa pili. Muuguzi akatuita, akasema kila aliyeandikwa amehama atafutwe upya. Ndipo nikafungua daftari lako. Binti yako alinipa baada ya arobaini, nikaliweka kabatini kwa sababu mwandiko wako ulikuwa ukiniliza. Mtani, kumbe kila jina umeliandikia vituko vyake: huyu mumewe mkali, yule haongei kabla ya chai. Nikafika kwenye mstari huu: "Zainabu. Ndiye Mama Mihogo, mlango wa bati la bluu. Kadi imechukuliwa na mafuriko, anaogopa kusemwa. Miezi tisa ikifika hatakuja mwenyewe. Nitarudi."

Hukurudi. Wiki ile ile ulilazwa.

Na Mama Mihogo ni nani, Bi Hadija? Ni yule ninayenunua mihogo ya kukaanga kwake karibu kila jioni, ananiongezea pilipili bila kuombwa. Mtoto wake nimeshambeba. Mtaani hakuna anayemwita Zainabu, na mimi nilimwandika amehama huku vidole vyangu vina mafuta ya mihogo yake. Naye alijua kazi yangu, akanyamaza.

Nilikwenda asubuhi iliyofuata. Mdomo ulitaka kuuliza hapo hapo mlangoni. Nikaumeza ulimi, nikaomba kigoda. Nikamenya mihogo, vibaya, akanicheka kwa maganda manene. Tulikuwa kwenye beseni la pili aliposema mwenyewe, bila kunitazama, "Dada, mie kadi yangu ilienda na maji. Na ukienda kule huna kadi, unasemwa mbele za watu." Nikamwambia twende wote, wakisema waanze na mimi.

Hakusemwa. Muuguzi alilitafuta jina lake kwenye rejista ya zamani, akamwandikia kadi mpya, akamchoma mtoto mkononi. Mtoto alilia kidogo akasahau. Mama yake ndiye aliyelia mpaka tukapewa benchi.

Siku za kungoja chanjo ishike mwilini sitaki kuzikumbuka. Kila nikipita nilimchungulia mtoto macho, kama yamekuwa mekundu, mpaka mama yake akaniambia nitamtia husuda mwanawe. Baada ya wiki kadhaa surua ikaingia nyumba ile ile, chumba cha pili. Mtoto wa mpangaji aliyehamia karibuni alitoka vipele, akakohoa vibaya, akalazwa. Amepona, namshukuru Mungu. Wa Mama Mihogo, anayelala ukuta mmoja naye, hakupata hata homa. Siku niliyokuwa na hakika nilishindwa kuondoka pale mlangoni kwao. Nilikuwa nimebeba kosa langu kifuani tangu nilipolijua, na sasa napumua, mtani. Nalala na kuamka mwepesi.

Juzi nimelimaliza daftari. Ukurasa wa mwisho umeniandika na mimi, humo humo katikati ya watu wa kutafutwa: "Mnyamwezi. Miguu anayo. Makalio ya kukaa hana." Nilicheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta kuuliza kuna nini.

Basi pokea utani wako wa msibani, nimechelewa nao. Wewe Mzaramo mvivu, mpenda ngoma, umekufa na kisu changu cha kumenyea hujakirudisha, umekimbia kazi ukaniachia bonde zima. Ingekuwa leo, ile kanga ya zambarau ningeivaa mimi, nichechemee mbele ya jeneza mpaka makaburini, na kuku ningechukua wawili.

Lala salama, mwalimu wangu. Daftari lako lina mistari mingine inayosema "Nitarudi". Nimeihesabu kuwa yangu. Kila mmoja nitaurudia, na kila mlango nitaomba kigoda kwanza. Jana nilikuwa kwa fundi cherehani wa pale kisimani, ana pacha. Nimekaa mpaka makalio yameniuma.

Mnyamwezi wako,
Kabula