Kiatu Kimoja Mlangoni

Ukunda, Jumamosi

Nilidhani leo ningefutwa kazi. Bosi alikuwa amesema miwani ya filamu za 3D ikiibwa tena, ataacha kuzionyesha, na kazi yangu pale sinema ni kuigawa.

Basi kila aliyechukua miwani nilimwomba aniachie kiatu kimoja mlangoni. Bi Mwanasha wa Waa alinuna.

"Mwanangu, umeniona mwizi?"

"Hasha, mama! Hata bosi ameacha chake."

Akacheka, akavua.

Filamu ilipokwisha, kilibaki kiatu kimoja cha kiume. Mara mwenyewe akarudi akichechemea, miwani ingali kichwani.

"Samahani, dada. Nilisahau, kokoto za barabarani zikanikumbusha."

Bosi alicheka mpaka akashika ukuta. Ameniambia nitafute rafu ya viatu.